Mbwa Aliyempisha Mama

Baba alimleta yule mbwa nyumbani ndani ya koti lake la mvua, kichwa tu kikichungulia penye zipu. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya boda boda, amekaa wima kwa uangalifu kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Alikuwa amestaafu jeshini muda si mrefu, na sote tulidhani atanunua ng'ombe, au atarudi kwao Lira akalime kama walivyofanya wenzake.

Nyumba yetu iko Mbuya, Kampala, kwenye mteremko, mahali ambapo karibu kila geti lina mwanajeshi, mstaafu au mjane wa mwanajeshi. Mama ni mtoto wa Kibuli, wa familia ya Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani wakabaki. Baba alikuwa Mkatoliki wa kaskazini. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, cha kambini kwa baba na cha nyumbani kwa mama, na walikuwa wakisahihishana mpaka uzeeni.

Siku hiyo mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nini hicho?"

"Kijana," baba akasema, akifungua zipu.

"Mzee, hicho hakiingii ndani ya nyumba yangu."

"Hakiingii."

"Sahani yake mbali. Maji yake mbali. Na mimi kisiniguse."

"Sawa, mama. Hakikugusi."

Jina lingine hakupewa. Kazi ya baba jeshini ilikuwa mbwa. Aliwalisha, aliwafundisha, aliwatibu, na kila mmoja alikuwa na jina la Kizungu lililoandikwa kwenye kibao cha banda lake. Alisema amechoka na majina. Huyu alikuwa kijana, basi, na akimwita hivyo ungedhani anamwita mtoto wa jirani amletee kiberiti.

Alikuwa rotwaila. Mwanzoni alifanana na mtoto wa dubu, tumbo likiburuza, miguu minene isiyojua inakwenda wapi. Kisha akaanza kujaa. Rotwaila si mbwa mrefu sana, ni mpana. Kichwa chake kilikuwa kipana kama kigoda, shingo haikuonekana inaanzia wapi na mabega yanaishia wapi, na akitembea uliona misuli ya mapaja ikipanda na kushuka chini ya ngozi. Manyoya yake yalikuwa mafupi na meusi, yaking'aa kama kiatu cha gwaride. Juu ya kila jicho alikuwa na doa la kahawia lililoiva, na rangi hiyo hiyo ilijirudia mashavuni, kifuani na miguuni. Yale madoa ya juu ya macho yalimfanya aonekane kila wakati kama mtu anayepiga hesabu ngumu. Aliyemuuza alitaka kumkata mkia kama ilivyo desturi ya wengi. Baba alikataa. Alisema akiukata atajuaje kama mbwa anacheka?

Majirani walimwogopa. Wageni waliomjua baba walisimama nje ya geti na kuita, "Afande, umemfunga?" Baba hakuwa amemfunga. Alisema neno moja, "Keti," na lile jitu lilikaa chini papo hapo, likatazama pembeni kana kwamba wageni hawalihusu. Hakuwa mbwa wa kubweka ovyo. Alitazama. Mtu akisimama nje ya geti muda mrefu, yeye naye alisimama ndani muda mrefu, kimya, na kile kimya chake kiliwaondoa watu kuliko kelele za mbwa wote wa mtaa. Lakini kwa watu wake alikuwa na tabia ya kuegemea. Angekuja ubavuni mwako, akageuka polepole kama lori linaloingia kituoni, kisha akakuegemeza uzito wake wote mpaka ushike ukuta. Huku akinguruma kooni, mngurumo wa chini chini ambao asiyemjua alidhani ni hasira. Ulikuwa raha.

Baba alimtunza kwa utaratibu wa kambini. Posho, yaani ugali wa mahindi, ilipikwa kwenye sufuria yake yenyewe, ikachanganywa na utumbo na dagaa, na mbwa alikula asubuhi na jioni. Akishakula haruhusiwi kukimbia, kwa sababu mbwa wa kifua kile tumbo linaweza kujipinda likamuua. Jua likiwa kali alihamishiwa kivulini, kwani mweusi yule alipata joto haraka. Kila siku baba alimpitisha vidole masikioni na kati ya kucha akitafuta kupe. Banda lake alilijengea sakafu ya matofali iliyoinuka, maji ya mvua yasimfikie. Hakumpiga hata mara moja. Niliwahi kumuuliza kwa nini, maana sisi watoto wake tulichapwa. Akafikiri kidogo, akasema, "Nyinyi mngeweza kukimbilia kwa mama yenu."

Mama naye alishika sheria zake. Dini yake inamtaka aoshe kila kinachoguswa na mate ya mbwa, mara saba, mojawapo kwa udongo, na yeye ni mtu wa udhu muda wote. Akivuka ua aliikusanya leso yake mkononi na kusema, "Pisha." Mbwa aliinuka na kupisha. Baada ya muda hakuhitaji kuambiwa. Akimwona mama anatoka bombani, mikono na uso vimelowa, aliondoka njiani mapema, akaenda kusimama ukutani mpaka apite. Sisi wengine alituegemea. Yeye, hata siku moja. Alichora mwenyewe mpaka kati yao, akaulinda vizuri kuliko mlinzi yeyote wa geti. Mama hakulisema jambo hilo, lakini niliwahi kumsikia akiwa peke yake uani, amebeba nguo za kuanika, akimwambia, "Ahsante."

Asubuhi moja baba alikuwa anampiga mbwa brashi mgongoni. Brashi ikamdondoka. Akainama kuiokota, hakuinuka.

Mama alikuwa jikoni. Aliniambia alisikia mbwa akibweka, na kwa kuwa yule hakuwa mbwa wa kubweka, aliacha chai ikimwagika jikoni na kutoka mbio. Akamkuta amesimama juu ya baba, miguu huku na huku, kama meza.

"Pisha," mama akasema.

Hakupisha. Mama anasema hapo ndipo alipoogopa, si mbwa, bali ukubwa wa jambo lenyewe. Akarudia kwa sauti ya chini, "Pisha, nimwone." Mbwa akamtazama, kisha akasogea nyuma, akaketi.

Kilikuwa kiharusi. Baba alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umelegea na maneno yamemtoka. Mimi wakati ule nilikuwa na saluni Kabalagala na chumba cha kupanga nyuma yake. Nikawa napanda Mbuya kila nilipopata nafasi, kumnyoa, kumkata kucha, kumsaidia mama kumgeuza. Baba mwenye sauti iliyosimamisha kikosi kizima uwanjani alibaki na neno moja tu lililokuwa zima, nalo ni "keti". Mengine yote yalikuwa uji mdomoni. Akitaka maji alisema keti. Mgongo ukimuuma, keti. Daktari alipokuja kumpima alimwambia keti, daktari akashukuru na kuvuta kiti. Nilipomaliza kumnyoa alinishika mkono kwa ule wake mzima, akanitazama usoni, akasema, "Keti, keti," na nilijua ananishukuru.

Na kila alipolisema, mbwa aliketi. Hata kama tayari ameketi, aliinuka, akaketi upya. Siku nzima, pale barazani karibu na kiti cha baba, lile jitu liliinuka na kukaa, likainuka na kukaa, na halikukasirika wala kuchoka. Mama alikuwa akilitazama kutoka dirishani. Mara moja alisema, "Mwacheni mzee aongee. Yupo anayemwelewa."

Baba alipoanza kujikokota na fimbo, mbwa alitembea upande wake mbovu, hatua kwa hatua, akijikaza mabega ili mkono wake ulale juu yake. Walikuwa wakienda mpaka getini na kurudi. Mbwa yule angeweza kumburuta mtu mzima na mnyororo wake, lakini sikumwona hata mara moja akitangulia.

Baba alifariki mchana wa mvua, usingizini, baada ya chakula. Tulimsafirisha Lira kwa ndugu zake. Jeneza lilipotolewa, mbwa hakulifukuza gari kama nilivyotazamia. Alikizunguka kile kiti cha barazani, akakinusa miguu yake yote, kisha akalala chini na kugeuzia uso ukutani. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa rafiki wa baba, alibaki akimwangalia. Tuliporudi alitukabidhi sufuria ya mbwa ikiwa imejaa vile vile. "Afande mdogo amegoma," alisema.

Mama akaingia eda. Baadhi ya jamaa walijadili kama ndoa ya namna yao inadai eda au haidai. Yeye hakujadili. Alivaa nguo zake za kawaida zisizo na pambo, akaacha wanja na manukato, akakaa ndani. Sisi watoto tulikuwa na kazi zetu. Hivyo kwa sehemu kubwa ya siku nyumba ile ilikuwa na wawili tu: mama upande huu wa kizingiti, na mbwa upande ule.

Chakula alimpa kwa kukisukuma na fimbo ya ufagio. Mbwa alinusa, akaacha. Korongo, hawa kalooli wakubwa wanaokaa juu ya mapaa ya Kampala kama wazee wenye makoti machakavu, walishuka na kuanza kumaliza utumbo mbele ya pua yake. Zamani angewarusha angani wote. Sasa aliwatazama tu. Mbavu zilianza kuonekana, na rotwaila akionesha mbavu ni kama nyumba iliyong'olewa mabati.

Nilikuwepo siku mama alipochoka. Alitoa kigoda chake, akakiweka kizingitini, akakaa.

"Kula," akamwambia. "Mwenzio hayupo. Hata mimi nakula, na mimi niliishi naye kukuzidi wewe. Kula."

Mbwa akageuza kichwa upande. Mama akajisogeza mbele kwenye kigoda. Kisha akasema, taratibu sana, kwa lafudhi ya baba, "Keti."

Mbwa akasimama mara moja. Akatazama kiti, akatazama geti, akamtazama mama. Ndipo akaketi. Mama akajifunika uso kwa leso na kulia kwa namna ambayo sikupata kumsikia hata Lira kaburini. Nilitaka kwenda kumshika, nikaona si mahali pangu. Alipomaliza, alimsogezea sufuria kwa mkono wake, na mbwa akala, kidogo, kwa adabu, akiangalia asimguse vidole.

Nilitumaini mambo yangetulia hapo. Hayakutulia. Kabla eda haijaisha, mbwa alianza kuchechemea mguu wa mbele. Tukadhani ni mwiba, kisha tukadhani ameteguka. Juu kidogo ya kifundo palikuwa na uvimbe mgumu, wa moto ukiugusa. Daktari wa mifugo akaja na vifaa vyake, akambonyeza polepole, na mbwa yule ambaye angeweza kumvunja mkono aliutoa ulimi tu akaulamba ukuta. Baada ya vipimo daktari alituambia ni saratani ya mfupa, kwamba mbwa wakubwa wa aina hii hupatwa nayo, na kwamba imeshafika kwenye mapafu.

"Mguu si unakatwa?" mama akauliza.

"Angekuwa mwepesi, na ingekuwa mapema, mama. Sasa tutamtesa bure."

"Basi tufanye nini?"

"Tumpunguzie maumivu. Mpe dawa hizi ndani ya chakula. Asipande, asiruke. Akikataa kula kabisa, au mguu ukivunjika, nipigie."

Vidonge vilikuwa vichungu na mbwa alivitema. Njia iliyobaki ilikuwa kukificha kidonge ndani ya kipande cha ini na kumwekea nyuma ya ulimi. Nilifanya mimi nilipokuwepo. Nilipokuwa kazini, mama alifanya. Hakunieleza alivyofikia uamuzi huo. Nilikuta tu karibu na bomba beseni jipya na kopo la udongo mwekundu uliochungwa vizuri kama unga, na mama amekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni, akijiosha. Aliosha kama sheria inavyomtaka, bila haraka na bila kuruka hata mara moja, kisha akatawadha, akaingia kuswali. Jioni akarudia yote. Ngozi ya mikono yake ikaanza kupasuka kwa udongo na maji, nikamletea mafuta ya saluni.

Habari zikafika Kibuli kwamba mama anakaa eda na mbwa mgonjwa. Mjomba wangu, kaka yake mama, anafundisha Kurani huko. Hakuwahi kukanyaga ua wetu tangu mama aolewe. Tulikutana naye kwenye harusi na misiba ya upande wao. Alikuja na kanzu yake nyeupe, akashuka kwenye boda boda nje ya geti, na nilipomfungulia niliona usoni kwamba amekuja na maneno yaliyopangwa.

Mbwa alikuwa amelala katikati ya njia, kwenye zulia kuukuu la baba. Sijui aliona nini. Labda ile kanzu, labda ile leso nyeupe begani, labda mwendo wa mtu anayekusanya nguo zake zisiguse kitu. Alijikusanya kwa tabu, akasimama kwa miguu mitatu, akachechemea mpaka ukutani, akasimama pale akitetemeka mpaka mjomba apite.

Mjomba hakupita. Alisimama palepale, pindo la kanzu mkononi.

"Nani alimfundisha hivi?" akaniuliza.

"Hakuna, mjomba. Anampisha mama hivyo tangu zamani."

Mama alikuwa ameshatoka mlangoni. Walitazamana, ndugu wawili wenye pua ile ile. Kisha mjomba akasema, "Dada, mwambie alale. Anaumia."

"Keti," mama akasema. "Keti, baba."

Mjomba alikaa nasi mpaka adhuhuri ikapita. Hakuyasema yale maneno aliyokuja nayo, au kama aliyasema hayakuwa yale niliyoyahofia. Nilimsikia akiuliza mbwa anakula nini, na kama daktari anakuja. Wakati wa kuondoka alilitazama lile beseni na kopo la udongo, akauliza, "Mikono inakuuma?" Mama akasema, "Inauma." Mjomba akaitikia kwa kichwa tu, akaondoka, na wiki iliyofuata akarudi tena, safari hii na mkewe.

Mguu ulivunjika asubuhi, mbwa akishuka kutoka kwenye banda. Ni kitu kidogo mno, yale matofali mawili ya kuteremka. Nilisikia mlio wa mfupa nikiwa bombani. Hakulia, alikaa chini na kuutazama mguu wake kwa mshangao. Nikampigia daktari.

Daktari alipokuja alimshauri mama aingie ndani. "Si jambo zuri kutazama, mama. Binti yako atanisaidia."

"Nitakaa," mama akasema.

Akatandika leso chini, akaketi juu ya saruji, miguu ameinyoosha kama anavyokaa akichambua mchele. Akakivuta kile kichwa kikubwa mapajani pake. Mbwa alijaribu kujiondoa. Ndiyo, hata wakati ule, alipoona amemgusa mama alijaribu kuuvuta uso wake pembeni, kurudi upande wake wa mpaka. Mama akamshika masikio yote mawili. "Acha," akamwambia. "Leo acha." Basi akaacha. Akamwegemea kwa uzito wake wote, na ule mngurumo wa kooni ukaanza, mdogo, wa kukatika katika. Mama alikuwa hajawahi kuwa karibu kiasi cha kuusikia. Akaniangalia kwa hofu. "Amekasirika?"

"Hapana, mama. Anafurahi."

Daktari akatafuta mshipa. Mngurumo uliendelea kidogo, kisha nikagundua kwamba kwa muda sasa nilikuwa nausikiliza na haupo.

Rafiki wa baba alichimba shimo nyuma ya jikoni, peke yake, amevua shati, mzee kama alivyo, na hakutaka msaada. Alipomaliza kufukia alisimama wima, akapiga saluti, akaenda kwake bila kuaga. Mama alioga, akafua kila alichovaa, akaswali. Kisha akalala mpaka jioni, jambo ambalo sijamwona akilifanya hata alipokuwa na homa.

Baba alipokufa watu walijaa uani. Walileta mahema, sukari, magunia ya mkaa; mpaka wateja wangu wa saluni walipanda kilima kuja kutoa pole. Kwa huyu wa pili hakuja mtu. Mwanamke Mwislamu aliyefiwa na mbwa, nani atamwandalia uji? Mjomba ndiye aliyepiga simu, na mama alipokea akasema tu, "Amekwenda," na upande wa pili mjomba hakukata simu mpaka yeye alipoiweka chini.

Sasa mama anaishi Kibuli, kwenye chumba cha uani kwa mjomba. Nyumba ya Mbuya tumepangisha familia changa ya askari. Kule Kibuli hawafugi mbwa, na hakuna anayemuuliza. Juzi nilikwenda kumsalimia, nikamkuta ameketi na ungo wa mchele mapajani, mkono mmoja umetulia juu ya mchele kwa muda, kana kwamba amesahau alichokuwa anafanya. Nikakaa karibu yake. Nikasema, "Pole, mama."

Hakuniuliza pole ya nini.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na kuendelea kuchambua.